Midomo Yangu na Mutaride ya Mama Mukubwa

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa midomo yangu yote miwili, kwamba Wazungu walitengeneza mutaride ili kuwakamata maboyi waliokuwa wakiiba nyama jikoni.

Habari hiyo ilitoka kwa fundi viatu, jirani yetu wa mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, ambaye baba yake alikuwa boyi wa jikoni enzi za Wabelgiji. Kwa maelezo yake, kulikuwa na madamu mmoja aliyechoka kuhesabu vipande vya kuku. Akiacha vinane, anakuta saba. Akiacha saba, anakuta sita, na boyi anaimba. Basi madamu akaandika barua Ulaya. Wataalamu wa Ulaya wakajifungia, wakafikiri miezi sita bila kula, wakatuma chupa. Ndani ya chupa mna rojo ya manjano ya haradali, kali, inayopanda puani kama tusi. Ukiipaka kwenye nyama, asiye na kosa anakula, anashiba, anashukuru. Mwizi akila, midomo inamvimba palepale mbele ya watu, hata kama wizi wenyewe aliufanya tangu asubuhi. "Mutaride inajua mwizi," fundi alikuwa akisema, misumari midogo ikiwa imebanwa kwenye meno yake, na mtu anayesema na misumari mdomoni huwezi kumbishia.

Watoto wote wa mtaa tuliisikia habari hiyo. Wenzangu walikua wakaisahau, kama walivyosahau habari ya kiboko anayevaa kofia na ile ya mbegu ya chungwa inayoota tumboni. Mimi sikupata nafasi ya kuisahau, kwa sababu nilikuwa ushahidi wake. Nikila mutaride, nilivimba.

Juzi nilialikwa kwenye sikukuu ya mtoto huko Nyamianda. Nikasimama mbele ya mama aliyekuwa anagawa chakula, sahani mkononi, nikamuuliza kwa adabu zote nilizofundishwa:

"Mama, mu hii sosi iko mutaride?"

"Hapana, kaka. Haina."

"Kweli kabisa?"

"Nakuambia haina. Niliweka tu kidogo, ya harufu."

Wenzangu wa umri wangu, mnaojua kupika na mnaojua kualika, naomba mnifafanulie. Hiyo "haina" na hiyo "niliweka" zinakaaje katika mdomo mmoja bila kupigana? Nimejibiwa hivyo mara elfu kumi. Nimejibiwa hivyo arusini, matangani, na kwenye vibanda vya mishikaki. Yupo hata mmoja aliyeniambia, "Hii siyo mutaride, hii ni mayonaizi," akanitazama kama mtu aliyemkosea mama yake. Nilimaliza masomo yangu katika shule ya jioni, ndevu zikiwa tayari zimetoka, nikikaa benchi moja na baba wa watoto saba. Siku ya kwanza mwalimu alituuliza kila mmoja anataka kusoma ili awe nani. Nikamjibu nataka kusoma kibandiko cha mayonaizi, yale maandishi madogo ya chini, madogo kama miguu ya chawa. Darasa lilicheka wiki mbili. Mimi sikuwa nachekesha.

Huko Nyamianda nilirudisha sahani, nikala ndizi mbivu, nikaonekana mtu wa maringo. Lakini ile harufu ilikuwa imekwisha kuingia, nayo ilinichukua moja kwa moja hadi kwenye ua wa baba mukubwa, Kilibula, nikiwa mtoto, nimekalia mikono yangu miwili.

Wazazi wangu walikuwa wanalima mpunga Kiringye, kule kwenye tambarare ya Ruzizi. Nilipofika umri wa shule baba alinipeleka mjini kwa kaka yake, seremala wa vitanda, mtu mpole anayenuka takataka za mbao. Baba alinipa neno moja tu la kuniaga: "Kule utasoma. Wakikurudisha, jembe lako niliisha kulitia mpini." Basi. Hakukuwa na neno la pili. Tangu siku hiyo nilijua dunia yangu ina sehemu mbili: shule huku, mpini kule, na katikati yake ni tabia yangu.

Mke wa baba mukubwa ndiye mama mukubwa, na mama mukubwa alikuwa na chupa. Aliinunua mwenyewe Bujumbura, akavuka nayo mpaka akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga. Haikukaa jikoni. Jikoni kulikaa chumvi, mawese na pilipili, vitu vya watu wa kawaida. Chupa ya mutaride ilikaa chumbani, ndani ya kabati, pamoja na cheti cha ndoa. Ilitolewa siku ya kuku tu, na kuku alikuwa mgeni wa nadra kuliko askofu: Noeli, Pasaka, na siku ya kutangazwa matokeo ya shule. Mama mukubwa alichota kwa mpini wa kijiko, akachanganya na vitunguu saumu, akampaka kuku kila pembe, akarudisha chupa chumbani na kufunga kwa ufunguo. Siku nyingine zote tulikula ndagala za ziwani, sombe ya majani ya muhogo na bugali, na midomo yangu ilitulia kama midomo ya mtu yeyote. Ningekuwa na akili ya leo ningeona hapo kuna jambo. Lakini na wao walikuwa watu wazima, na hawakuona.

Katika nyumba ile firigisi ya kuku ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya baba mukubwa. Mwanamke haruhusiwi, mtoto haruhusiwi, mgeni akipewa basi ni mkwe au padri. Firigisi iliwekwa juu kabisa ya sufuria, ili mzee akifunua kifuniko aione kwanza, ajue kwamba bado yeye ni baba wa nyumba. Aliitafuna polepole, akitazama mlima, nasi tukimtazama yeye.

Noeli yangu ya kwanza mjini, mzee alifunua kifuniko. Mapaja yapo. Mabawa yapo. Shingo ipo. Firigisi haipo.

Alifunika tena, akangoja kidogo, akafunua kama mtu anayetoa nafasi ya pili. Haipo.

"Mama Furaha," alisema kwa upole, "huyu kuku aliishi namna gani bila firigisi?"

Furaha alikuwa binti yao, mwenye umri kama wangu, ulimi mara mbili ya wangu. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kutia tonge la pili mdomoni, maana njaa haisubiri hukumu. Nikaanza kusikia midomo inawasha. Kisha ikawa mizito. Kisha nikaiona mwenyewe, bila kioo, ikija mbele ya macho yangu kama mitumbwi miwili inarudi kutoka ziwani.

Furaha aliinuka kwenye mkeka, kidole mbele, akanipa jina papo hapo.

"Mama! Muangalie! Muangalie huyu Kiboko! Mutaride imemujua!"

"Minye sikukula!" nilisema, lakini kwa midomo ile ilitoka kama mtu anayesema ndani ya ndoo.

"Weye hukukula?" mama mukubwa alisema. "Na hiyo midomo ni ya nani? Ni ya jirani? Sema ukweli, itashuka."

"Sikukula, mama mukubwa."

"Sema!"

Nikasema. Ningefanyaje? Nilisema nimekula firigisi, nimeitoa kwa mkono wa kulia, ilikuwa tamu. Mama mukubwa akanimwagia maji usoni, akanikalisha nyuma ya nyumba. Baada ya saa moja midomo ilikuwa imeanza kurudi nyumbani kwake. Akaniita mbele ya wote, akanishika kidevu, akanigeuza kulia na kushoto kama mtu anayenunua mbuzi.

"Munaona?" alisema. "Ukweli ni dawa."

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipopata daktari wake. Na hapo ndipo mimi, mtoto ambaye sikuwahi hata kulamba mwiko, nilipoanza kujishuku. Msifikiri nilidhani wananionea. Nilidhani wana haki! Chupa haina chuki na mtu, chupa haikunijua mimi wala baba yangu, imetoka Ulaya hadi Bujumbura, Bujumbura hadi Kilibula, ikanichagua mimi katikati ya watu watano. Kama midomo inasema nimeiba, basi nimeiba. Kilichonishinda kujua ni lini.

Kwa hiyo siku ya matokeo ya nusu mwaka nilifanya hesabu zangu. Nilikuwa nimeshika nafasi ya pili darasani, kuku amechinjwa kwa heshima yangu mimi, na sikutaka kumwibia mtu kuku wangu mwenyewe. Tangu asubuhi nilikwenda kukaa mbele ya koko, mama mzazi wa mama mukubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda sufuria juu ya mbabula ya makaa. Koko alikuwa mzee sana. Alikuwa na meno manne, na hayo manne hayakuwa yanakutana. Nikakaa mbele yake, nikaingiza mikono yangu chini ya matako, nikaikalia.

"Unafanya nini, mujukuu?"

"Nafunga mikono, koko. Weye unichunge. Wakiuliza, useme haikutoka."

Koko alinitazama. Kisha akatazama makaa. "Nitasema," akajibu.

Nilikaa hivyo mpaka mikono ikafa ganzi, nadhani ilikufa kabisa na hii niliyo nayo ilifufuka baadaye. Niliondoka mara moja tu, kwenda kujisaidia, na hata huko nilitembea nimeikunja kifuani. Chakula kikaletwa. Mzee akafunua. Firigisi haipo. Nami nikatia tonge mdomoni kwa ujasiri wa mtu aliye na shahidi, na kabla sijameza, mitumbwi ikaondoka bandarini.

"Koko!" nililia. "Sema!"

"Alikalia mikono," koko alisema, bila kuinua macho. "Hilo niliona."

"Basi alitumia nini?" Furaha aliuliza. "Miguu?"

Mnaweza kucheka, na mimi leo nacheka, lakini siku hiyo niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Kwa sababu niliona wazi kwamba mwizi aliye ndani yangu amepanda darasa. Hahitaji tena mikono. Niliungama haraka, kabla sijaulizwa, nikaomba maji mwenyewe.

Pasaka ilikuwa mbaya zaidi. Firigisi haipo tena. Midomo ilivimba, macho yakafuata, na shingoni palitoka vipele kama ramani ya mto. Niliungama firigisi, kama kawaida. Haikushuka. Mama mukubwa alinizunguka mara mbili.

"Iko kingine anaficha," alisema. "Hii siyo mwizi ya firigisi tu. Ongeza!"

Nikaongeza. Nikasema nimeiba sukari. Hola. Nikasema nimeiba kalamu ya Furaha, naye Furaha akapiga makofi kwa furaha, "Njo nilisema!", kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo, ingawa kalamu ilikuwa nyuma ya sikio lake. Hola. Nikatafuta kichwani mwangu dhambi zote za Uvira, nikasema nimeiba mbuzi wa fundi viatu. Na wakati huohuo, kwa bahati yangu mbaya, nikahisi macho yanafunguka kidogo.

"Ni mbuzi!" mama mukubwa alipaza sauti. "Kumbe ilikuwa mbuzi!"

Baba mukubwa, masikini, alivaa shati, akanishika mkono, akanipeleka kwa fundi viatu kuomba msamaha. Tulimkuta fundi amekaa na misumari yake mdomoni, na mbuzi wake amefungwa kwenye mlango, anatafuna gunia, mzima kabisa.

Baba mukubwa alimtazama mbuzi. Mbuzi alimtazama baba mukubwa.

"Kaka," mzee alisema mwishowe, "huyu mutoto aliungama kama aliiba mbuzi yako."

"Iko hapa," fundi alisema.

"Naona. Labda alikuwa angali anafikiri kumuiba."

Fundi alitoa misumari mdomoni, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa anasali. "Mutaride inaona mpaka kesho?" aliuliza kwa mshangao, na jioni ile mtaa mzima ulikuwa na habari mpya.

Tulirudi nyumbani. Mbele ya mlango mzee alichuchumaa, macho yake yakawa sawa na yangu, akasema kwa ule upole wake uliouma kuliko fimbo: "Mwanangu, minye sikuchoki. Lakini mama mukubwa amechoka. Komunyo ya Furaha inakuja. Ukivimba tena siku ile, mbele ya wageni, nitakurudisha Kiringye. Siyo kwa kupenda."

Niliona mpini. Niliuona kwa macho, mweupe, mpya, umeegemea ukuta wa nyumba ya baba.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto inavyofanya kazi ikibanwa. Nilikuwa na majuma machache ya kufikiri, nikafikia uamuzi ambao mpaka leo nauvulia kofia: siku ya komunyo nisiguse kuku kabisa. Nisimle, nisimnuse, nisimtazame. Mutaride iko kwenye kuku. Bila kuku, haina mlango wa kuniingilia, na mwizi wangu atabaki ndani bila kujulikana na mtu. Sikutaka tena kuwa mwema, mnaelewa? Nilikuwa nimekata tamaa ya kuwa mwema. Nilitaka tu kubaki shuleni.

Siku yenyewe ilifika. Furaha alivaa gauni jeupe lililomfanya anyamaze karibu saa nzima. Ua ulijaa wageni, viti vya kuazima, watoto wa watu. Koko alikuwa mahali pake mbele ya mbabula. Mzee alifunua kifuniko mbele ya wote, na wote wa nyumba tukashika pumzi.

Firigisi ilikuwepo.

Ilikuwepo, juu kabisa, imenona, inang'aa kwa mafuta. Baba mukubwa hakuigusa kwanza. Aliitazama kama mtu anayemwona ndugu aliyetoka safari ndefu. Kisha akanitazama mimi, akacheka kwa macho. Nami nikacheka. Nilidhani yamekwisha.

Furaha alikuja na sahani. Nitamsema Furaha kwa mabaya yake yote, lakini siku ile alikuwa ametoka kupokea komunyo, na moyo wake ulikuwa umefuliwa pamoja na gauni. Aliona sahani yangu ina wali mtupu.

"Hutaki kuku?"

"Minye na kuku tumeachana."

Akacheka, akaenda mezani, akarudi na mlima wa viazi vya baridi, vimechanganywa na karoti na kitu cheupe, laini, kinachong'aa. Mgeni mmoja alikuwa ameleta bakuli zima.

"Kula hii," alisema kwa sauti ndogo. "Hii ni mayonaizi. Ni nyeupe. Haina mutaride."

Nilikula. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Ilikuwa tamu mpaka nikafunga macho.

Nilipoyafungua, yalikataa kufunguka yote. Midomo sikuisikia tena, ilikuwa imepita hatua ya kusikiwa. Safari hii uvimbe ulishuka ndani. Ulinishika kooni, polepole, kama mtu anayefunga gunia. Nikavuta pumzi, ikaja nyembamba, na mluzi.

"Amevimba!" sauti ya mama mukubwa ilipaa. "Mbele ya wageni! Sema, mutoto! Sema!"

Nikasema firigisi. "Firigisi iko!" wageni wakajibu kwa pamoja. Nikasema sukari. Nikasema mbuzi. Hakuna kilichoshuka. Sauti ikaniisha, nikabaki nafungua mdomo kama samaki aliyetolewa kwenye wavu. Na hapo, jamani, watu wazima walioelimika, waliovaa viatu, walianza kunisaidia kutafuta dhambi. "Muulize kama aliiba sadaka!" "Muulize habari ya simu yangu ilipotea!" Furaha alipiga magoti mbele yangu na gauni lake jeupe kwenye vumbi, analia, anaungama yeye kwa niaba yangu, kimoja kimoja, nami nitikise kichwa.

"Aliiba chaki. Aliiba kandambili. Aliiba ndagala ya mama Sifa. Kiboko, tikisa kichwa! Tikisa!"

Nilitikisa. Ningetikisia hata kuiba ziwa. Lakini pumzi haikurudi, na kwenye pembe ya jicho langu moja lililobaki nilimwona koko anainuka. Koko, ambaye alikuwa hainuki bila watu wawili, aliinuka peke yake.

"Muache kusema!" alipiga kelele. Sikujua ana sauti ile. "Firigisi iko mu sahani, hakuna kitu imeibwa, na mutoto anakufa! Muchukue mutoto!"

Baba mukubwa aliacha firigisi yake bila kuigusa, akanibeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha moto, pikipiki ya abiria. Mimi katikati, yeye nyuma, miguu yangu ikining'inia. Nyuma yetu ilikuja moto ya pili, na juu yake mama mukubwa na koko, koko ameketi upande, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani, mikono imemshika dereva kiunoni kama mchumba. Sikuwaona, niliambiwa. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Nilifika kumi na moja.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alikuwa mama mmoja mnene, mchovu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza kitu. Alinitazama mara moja, akanichoma sindano pajani, akaninyanyua kichwa, akakaa karibu yangu ameshika mkono wangu na kutazama saa ya ukutani. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama darasa zima la msingi, lile gunia kooni likaanza kufunguka. Pumzi ikaingia pana, baridi, ikiwa na harufu ya dawa. Sijawahi kula kitu kitamu kama ile pumzi.

Ndipo akageuka kwao.

"Alikula nini?"

"Docta," mama mukubwa alisema, "huyu anakulaka dhambi."

"Minye nauliza chakula, mama."

"Hakukula kuku," baba mukubwa alisema. "Nilikuwa ninamuangalia. Alikula wali na ile salade ya mayonaizi."

"Na siku ingine alivimba, alikula nini?"

Wakatazamana. Mama mukubwa akaanza kuhesabu kwa vidole: Noeli, kuku wa mutaride. Matokeo, kuku wa mutaride. Pasaka, kuku wa mutaride. "Lakini docta, kila siku ile aliiba firigisi. Aliungama mwenyewe! Mutaride njo ilimuonyesha. Leo tu njo hatujui aliiba nini."

Muuguzi alivua miwani, akayasugua macho yake. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amefanya kazi miaka mingi na bado watu wanamshangaza.

Koko alikuwa amekaa kwenye benchi, kitambaa mkononi, nywele zake nyeupe nje, kitu ambacho sijawahi kukiona.

"Huyu mutoto hakuiba kitu," alisema. "Ile firigisi, minye njo nilikula."

Akakunja kitambaa chake, akaendelea.

"Ya Noeli, ni minye. Ya matokeo, ni minye. Alienda kujisaidia, nikaitoa. Ya Pasaka pia. Nilikuwa ninaimeza nzima, ju meno haina. Tangu nilikuwa binti mudogo nilitaka kujua ile kitu wanaume wanaficha iko na ladha gani." Alinitazama. "Na leo niliiacha, ju nilisikia watakurudisha Kiringye. Niliiacha, na weye ukavimba tu. Njo nikaogopa."

Baba mukubwa aliguna. Mpaka leo sijui kama alitaka kukasirika au kucheka. Alimwendea mama mkwe wake, akamwokotea kitambaa kilichokuwa kimeanguka tena, akampa kwa mikono miwili.

Lakini mama mukubwa hakuwa amemaliza. Mama mukubwa alikuwa mtu wa ushahidi. Alimkaribia mama yake, akainama, akamchunguza midomo kwa makini, kulia na kushoto, ile midomo midogo, mikavu, yenye mikunjo, haina hata dalili.

"Mama," alisema, "kama ni weye njo ulikula, juu ya nini midomo yako haikuvimba?"

Muuguzi alirudisha miwani usoni.

"Ju mutaride haijue mwizi, mama. Haijue kitu. Ni mwili wa huyu mutoto njo haipatane nayo, na mayonaizi yenye alikula leo iko na mutaride ndani. Asikule tena, ata moja. Na siku akivimba, mulete hapa kwanza. Mambo ya kuku mutaulizana kisha."